Fundi wa vitanda na mashua ya mkwewe

Mashua imeshaacha ukingo. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nalufenya, mjini Jinja. Geresom Wambede anapiga kasia mara moja, anapumzika, anapiga tena. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kwa kamba, mkewe Gorreti ameshika kikombe na anatazama maji.

"Afande, hapana kimbiza," anasema Gorreti, ulimi bado mzito.

"Nani anakimbiza? Hata bata imetupita."

"Wacha ipite. Iko na kazi."

Geresom, mwenye umri wa miaka 63, si mtu wa mtoni. Ni Mgisu wa Mbale. Akiwa askari wa magereza alifundisha wafungwa useremala kwa miaka ishirini na sita, akastaafu, akawa anaunda vitanda Namatala, mtaa wa Mbale. Alimpata Gorreti mjini Jinja, alipohamishiwa huko akiwa kijana. Yeye alijua Lumasaba, msichana alijua Lusoga. Walioana kwa Kiswahili cha kambini, na hata wakigombana leo ni kwa hicho hicho.

Miaka miwili iliyopita Gorreti alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Katika chumba chao cha kupanga, Namakwekwe, huko huko Mbale, aligeukia ukuta akaacha kusema. Miezi minne. Siku aliyofungua kinywa alitamka neno moja tu: "Mashua."

Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa akivusha watu mtoni. Sasa ililala kifudifudi nyuma ya nyumba ya kaka yake Ronnie, Nalufenya, kuku wakitagia chini yake. Ronnie ana tanuri la matofali, na hakuficha nia.

"Shemeji, Pasaka ikipita na hii kitu bado iko hapa, mimi napasua kuni."

Geresom na mkewe walihamia huko, yeye na randa na misumeno yake. Aling'oa mbao zilizooza, akatia mpya, akazibana hata unywele usipite. Ndivyo kitanda kizuri kinavyoundwa. Wiki tatu kabla ya Pasaka aliishusha majini, kifua mbele.

Asubuhi ya pili aliikuta imezama. Mbao mbili zilikuwa zimebinuka na misumari imeng'oka.

Mzee Bruhan, anayeunda mashua hapo jirani, alicheka hadi akakaa chini. "Bwana, wewe umetengeneza kabati! Mbao ikinywa maji inanenepa. Uliiachia nafasi wapi?"

"Wafungwa niliwafundisha hivyo," Geresom alijitetea.

"Ndiyo maana hakuna aliyetoroka kwa maji."

Kisha akamwonyesha. Kati ya mbao na mbao unaacha mwanya mwembamba kama ukucha, unaujaza nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, halafu maji yenyewe yanamalizia kufunga. Mwalimu wa maseremala akaanza upya.

"Niliona aibu," anasema Geresom, akimtazama mkewe. "Lakini mama alikuwa anangoja. Hiyo aibu ningeweka wapi?"

Jumamosi ya kuamkia Pasaka walimbeba Gorreti hadi mtoni, Ronnie miguuni, Geresom mabegani. Mashua ilivuja kidogo. Gorreti aliyaona maji yakimzunguka nyayo, akanyoosha mkono wa kulia kudai kikombe, akaanza kuyachota na kuyamwaga nje.

"Hii kazi baba alinipa mimi," alisema. Tangu augue hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Siku hizi huchukua na wageni, shilingi elfu tano kwa kichwa, mpaka jua liwe kali. Wenye haraka huelekezwa kwenye boti za injini. Geresom anapanga kufunga turubai la kivuli, ili Gorreti afike hadi ng'ambo, pale baba yake alipokuwa akishusha abiria.

Chumba cha Namakwekwe kimepata mpangaji mwingine. Ronnie anachoma matofali yake kwa maganda ya kahawa. Mzee Bruhan analalia kitanda alichoundiwa na Geresom. Gorreti huchota maji kila asubuhi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado.