Mbelgiji wa Bangwe

Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani Bangwe, kando ya ziwa kule Kigoma, jua likiwa limewakaza, ndiyo harufu ya vita vyangu. Kiangazi kimoja, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, kila tulipotoka kupalilia shamba la shule tulichora Ulaya mchangani, hatua chache kutoka majini, tukacheza mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari walikuwa kokwa za mchikichi. Sadi wa mtaa wa Katubuka, mtoto wa balozi wa nyumba kumi na mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa Mjerumani mwenye kokwa arobaini. Mimi nilipewa Ubelgiji na kokwa nane, eti kwa sababu baba yangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na aliwahi kuwabebea Wabelgiji mizigo bandarini Kigoma. Naitwa Ramazani, lakini pale ufukweni hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa Mbelgiji tu.

Tulirusha kizibo cha soda. Kikilala chali, anayeshambulia anakula kokwa moja. Wajinga wale waliamini vita ni wingi wa kokwa. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na akili ya kuuliza jeshi dogo linaponaje. Baba alinieleza alichosikia kwa msimamizi wake wa bandarini: Wabelgiji walirudi nyuma, wakarudi tena, wakabakiwa na kipande cha nchi kando ya bahari. Hapo wakafungua milango iliyozuia maji ya bahari, mashamba yakafunikwa, Mjerumani akakwama.

Kesho yake niliwaambia wote: nikishinda, mtaniita Ramazani, nikishindwa, hamnioni tena hapa. Sadi alicheka mpaka akakaa chini. "Kimbia, Mbelgiji! Kimbia urudi kwenu!" Nikakimbia kweli. Kila zamu nilisogeza kokwa zangu kuelekea ziwani, naye akazijaza zake nyuma yangu, mpaka nikabaki na tatu. Ndipo nikabomoa kwa kisigino ukuta wa mfereji niliouchimba asubuhi. Ziwa likaingia. Jeshi lake lote likazama matopeni.

"Umeharibu ramani!"

"Ndivyo walivyofanya wenyewe," nikamjibu.

"Hiyo si vita. Ni hila za watu wa ng'ambo."

Wenzake wakaitikia. Hakuna aliyesema Ramazani. Sijawasamehe, wala sina mpango huo.

Leo nina stashahada ya uhandisi wa maji niliyoisomea nchi za nje kwa jasho langu, bila kubebwa na balozi wala mtoto wa balozi. Maji yamejaa Katubuka, na juzi Sadi alikuja kwangu, suruali ameikunja magotini. "Mhandisi, ndugu yangu, maji yako mpaka chumbani. Nichoree mfereji." Zamani nilimwingizia maji mimi, safari hii yalikuwa yameingia yenyewe. Nilimwambia nitachora bure, ila kwanza aniite jina langu. Alitazama vidole vyake vya miguu. Stashahada ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake, jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Hakugeuka.

"Si wewe ni yule Mbelgiji?" akasema.

Nikamfungulia mlango atoke. Mfereji sijauchora.