Dunia ya Mawe ya Dada Nafula

Harufu ya molasi ikinipata popote, hata nikiwa mjini katikati ya watu, namwona dada yangu Nafula amelala ubavu kwenye mkeka mbele ya nyumba yetu, karibu na mji mdogo wa Ekero. Ilikuwa miaka ile kiwanda cha sukari kikiunguruma bila kupumzika, na miwa imepandwa mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Kuku wetu walitagia humo, na mayai hatukuyaona tena.

Nafula alizaliwa na ugonjwa wa damu. Baridi ikishika, mifupa ilimuuma hata asiweze kusimama. Akipata nafuu alikwenda shule, na siku moja mwalimu wa sayansi akawaambia kwamba kila nyota ni jua, na huenda nyingine zina dunia zao, ndogo, za mawe matupu. Alirudi nyumbani macho yanang'aa. Tangu hapo tukawa na dunia yetu.

Jua lake, alisema, lilikuwa jekundu kama kaa la moto, limekaa palepale, halichwi. Upande mmoja mawe yaliungua. Upande wa pili ulikuwa giza na barafu tangu mwanzo.

"Mimi nitakaa katikati," alisema, "pale joto ni la kiasi."

"Na miwa?"

"Itaota wapi? Hakuna udongo, hakuna mvua. Hata hewa hakuna."

Nilifurahi sana, maana kupalilia miwa ndiyo ilikuwa kazi yetu kila likizo.

Mvua ndefu zilipoanza, maumivu yakamrudia vibaya. Mama alimkanda kwa kitambaa cha maji moto, naye Nafula akauma ncha ya leso yake asitoe sauti. Mama alipotoka kuongeza kuni, dada akanigeukia.

"Unajua, bila hewa hakuna sauti. Kule mtu analia anavyotaka, na hakuna anayesikia."

"Basi kule ni kubaya."

"Si kubaya. Hapa nikilia, mama halalangi."

Kesho yake trekta la miwa lilimbeba Nafula pamoja na mama na baba kwenye matope hadi barabarani, wakaenda hospitali Kakamega. Siku chache baadaye mama na baba walirudi kwa miguu, mama amejifunga leso ya Nafula kiunoni. Nilikimbia nikatazama nyuma yao. Hakukuwa na mtu.

Kwa miaka mingi nilimwekea kinyongo kwa kuchagua dunia ambako mimi nisingeweza kumfuata. Mpaka nilipozaa, nikakesha na mwanangu mwenye homa, ndipo nilipoelewa: dada yangu alikuwa anatafuta mahali pa kuumia bila kumsumbua mtu.

Nilimweleza mama, sasa mzee, akipukuchua mahindi. Hakuinua uso.

"Nilikuwa namsikia," alisema. "Akinyamaza ndipo nilipomsikia zaidi."