Karatasi Chini ya Kiti cha Nyuma

Rhonda Stachura alichemsha kahawa mara tatu asubuhi ile na hakunywa hata kikombe kimoja. Kila alipomimina alirudi dirishani kuchungulia gereji, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kule ndani, Lyle, mkaguzi aliyetumwa na mnunuzi kutoka Ohio, alikuwa amejilaza chini ya gari la marehemu mumewe, Gene. Ilionekana miguu tu.

Lilikuwa gari la mwaka 1969, milango miwili, rangi ya njegere za kopo. Enzi za Gene, kila Jumapili lilinguruma hadi nusu ya mtaa ikaamka. Aliyeliagiza ni babake Gene. Gene alipenda kusimulia jinsi mzee alivyoketi dukani kwa muuza magari na kuchagua kila kitu mwenyewe: injini kubwa kuliko zote, redio hapana. Na utamu wa bei ulikuwa hapo hapo. Gari lililotoka kiwandani na injini kubwa huuzwa mara mbili ya lile lililobadilishiwa injini baadaye, hata yafanane kama mapacha.

Rhonda aliyaandika hayo kwenye tangazo, kisha akatia saini hati ya mnunuzi: injini ni ya kiwandani. Ushahidi wake? Neno la Gene, basi. Namba iliyogongwa kwenye injini ilikwisha kusagwa zamani, injini ilipofumuliwa. Tangu atie saini, Rhonda hakulala vizuri. Gene alikuwa mume mwema, ila hata samaki aliowavua walizidi kurefuka kila alipowasimulia.

"Mama, keti basi," Kristy, bintiye, alimwambia. "Utatoboa sakafu."

"Na kama baba yako alitia chumvi? Saini ni yangu, Kristy. Nitaitwa tapeli uzeeni."

"Nani atakuita tapeli? Wewe unarudi dukani kulipia ndizi moja waliyosahau kuhesabu."

Lyle akaita kutoka gereji.

Walimkuta amekitoa kiti cha nyuma na kukilaza sakafuni. Mkononi alishika karatasi ya kahawia aliyoichomoa kati ya springi, pembe zake zimetafunwa na panya. Ilikuwa karatasi ya oda, ile iliyotembea na gari kiwandani ili kila mfanyakazi ajue afunge nini.

"Pole, mama," Lyle alisema. "Hapa imeandikwa silinda sita. Injini ndogo kabisa. Namba ya gari imeliwa na panya, lakini karatasi imetoka humu humu."

Rhonda aliikodolea macho karatasi. Kwa hiyo Gene alidanganya, au alidanganywa, na yeye ameuweka uongo huo kwa wino.

"Nisomee yote," alisema kwa sauti ndogo.

"Silinda sita. Gia za mkono. Redio na antena."

"Redio?"

"Redio, ndiyo."

Rhonda alifungua mlango wa mbele akapapasa dashibodi. Akazunguka, akapitisha kiganja juu ya bodi, kulia na kushoto. "Iko wapi? Hapa hapajawahi kukatwa tundu la redio. Wala la antena. Bati ni zima."

Lyle alipiga magoti, akatazama, akakuna kidevu.

"Mwite mzee Orville," Rhonda alimwambia bintiye.

Orville Pruitt, jirani wa nyumba ya pili, alifunga viti vya magari katika kiwanda kile kile kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja na kandambili, akaitupia karatasi jicho, akacheka hadi akakohoa.

"Mnalia kwa hii? Sisi tulichomeka yoyote iliyokuwa mkononi! Ya gari la mbele, ya gari la nyuma, nani alijali? Ilikuwa takataka. We kijana, umetazama juu ya tangi la mafuta? Kule karatasi nyingine ilibandikwa na wafanyakazi wengine, nao hawakuwa na haraka kama sisi."

"Bado, mzee."

"Sasa unakagua nini, matairi?"

Kushusha tangi kulichukua karibu saa nzima. Rhonda alisimama muda wote, mikono ndani ya aproni. Karatasi ilikuwepo kweli, imegandia bati, imekauka kama ngozi ya kitunguu. Lyle aliibandua kwa kisu polepole, akalinganisha namba yake na namba ya gari kwenye kibao cha dashibodi, tarakimu moja moja, akarudia.

"Ni yenyewe," alisema hatimaye. "Injini kubwa. Redio, hapana."

"Soma tena."

"Injini kubwa, mama. Redio, hapana."

Rhonda aliketi kwenye kile kiti kilicholala sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka, akamsukuma Lyle begani.

"Mpigie mnunuzi wako," alisema. "Mwambie saini yangu iko pale pale."