Mkeka wa Mama Fundi Bati

Fundi Bati alikuwa na mdomo, hilo tusifichane. Siku alipong'oa nyasi kwenye paa la mama yake akapigilia mabati mapya, alishuka ngazi kwa maringo ya bwana harusi.

"Mama yangu halali tena na panya," akautangazia mtaa.

Panya walihama kweli. Walijua wanachokimbia.

Kikaingia kiangazi, kile cha kupasua midomo. Chumba kikageuka tanuri. Anayebisha angeingia yeye saa saba mchana. Mama, mtu wa umri mkubwa na pumzi chache, akatoa mkeka nje. Asubuhi alikaa nyuma ya nyumba. Kivuli kikinywea, naye alijikunyata ukutani, mpaka jua lipinduke ahamie mbele, mlangoni.

"Fundi," muuza maji akamtania huku akishusha madumu, "mama yako ametupa saa ya bure. Mkeka ukihamia mlangoni, tunajua chakula kimeiva."

Fundi alicheka meno tu, moyo haumo.

Jioni mama akamwambia, "Mwanangu, nakwenda kwa dada yako. Kule bado kuna nyasi."

"Watu watasemaje, mama? Fundi wa mabati, mama yake kakimbia bati?"

"Watasema kulikuwa na joto."

"Nipe kesho tu. Nitalipoza."

Kesho yake alitoka alfajiri kutafuta nyasi za kutandaza juu ya paa. Akakuta mifugo imemaliza kila kitu, ardhi ina upara. Akarudi, akakusanya magunia, akayalowesha kwa maji yote ya ndani, ya madumu na ya mtungi wa mama uliokuwa kichwani pa kitanda, akayatandaza paani huku bati likimchoma magoti. Muuza maji si atapita mchana, kama kawaida?

Chumba kikapoa. Mama akaingia, akalala. Fundi akakaa mlangoni kifua mbele, akitafuta wa kumwonyesha.

Magunia yakakauka, yakakakamaa kama ngozi iliyowambwa. Mama akaamka na kiu, akachovya kata mtungini. Kata ikagonga udongo. Na muuza maji hakutokea; kisima kilikuwa na foleni ya kutisha. Fundi alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi na kikombe kimoja, nusu kikiwa tope.

Mama alikinywa taratibu. Hakugomba. Heri angegomba.

"Maji yangu umelinywesha bati," alisema, akafunga macho.

Asubuhi dada mtu akaja kumchukua. Mama alikunja mkeka mwenyewe.

Jioni bati lilipoanza kupoa, likawa linaalika, likilia ta, ta. Zamani fundi alikuwa akimwambia mama, "Sikia, linakusalimia." Safari hii alijaza mtungi hadi shingoni kwa maji aliyoyapangia foleni kisimani, akaufunika, akalala chini.

Kesho yake muuza maji akawahi, asubuhi akasimamisha mkokoteni.

"Fundi, saa yetu iko wapi leo?"

Fundi akatazama nyuma ya nyumba. Kivuli kilikuwa pale pale, kipana, hakina mtu.

"Shusha maji," akasema.