Uso wa Mama Nyiramana kwenye Bango

Ukitembea na Noella mtaani Nyamianda, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hawezi kupita chini ya bango bila kukunja uso. Anasimama, anafumba jicho moja, anasonya. "Angalia pua ya huyu muchungaji," atakuambia. "Imejengwa kwa matofali."

Amepiga picha za ndoa, komunyo na misiba miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumshushia heshima hadi Alhamisi ile Papa Gaspard alipoingia studioni na bango kwapani. Jumamosi familia yake ingemaliza matanga ya dada yake, Mama Nyiramana wa Nyakabere. Marehemu alikimbia kamera maisha yake yote. Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, ile ambayo Noella alimpiga akicheka katikati ya shamba lake la mpunga.

Gaspard alilikunjua bango. Mahali pa uso palijaa ukungu wa vipande vya mraba.

"Binti yangu, watoto wake wamelia mara ya pili. Kama kamera yako iko imekufa, ungetuambia."

Damu ilimpanda Noella. "Papa, hii picha mulimupa Térence wa imprimerie, yule muchapaji wa mabango, namna gani?"

"Niliichukua kwa grupu ya familia ya WhatsApp, nikamutumia."

Noella aliomba simu, akaifuata picha nyuma, hatua kwa hatua. Yeye aliwapa faili la megabaiti nane, lenye nukta elfu sita kwa upana. Binti mmoja akalitia kwenye grupu. Shangazi wa Bukavu akaongeza maua na "Pumzika kwa amani". Mwingine akaipiga picha kwenye kioo cha simu, akairudisha. Kila mkono uliipitisha kwa upendo, na kila mkono uliimega. Iliyomfikia Térence ilikuwa kilobaiti arobaini.

"Lakini ni ile ile," Gaspard alisema. "Hapa kwa simu iko safi."

"Kitambaa cha kufunika kitoto, papa, weye unakivuta kifunike nyumba. Simu ikituma inakaza picha, inatupa sehemu. Kilichotupwa hakirudi, hata tufunge na kuomba."

Walikwenda pamoja kwa Térence. Huko ndiko hasira ya Noella ilikompata mwenye kosa.

"Mashine ilinionya kwamba picha ni ndogo," Térence alikiri bila aibu. "Lakini waliniletea hiyo, dada."

"Ulimuona mama hana macho, ukachapa?"

"Miye nachapa. Macho ni kazi yenu."

"Basi leo utachapa macho."

Alimwekea kadi ya kamera mezani, yenye lile faili zito ambalo halijakazwa. Térence alilalamika kwamba lingechelewesha kompyuta yake. Noella alivuta kiti, akaketi mlangoni, na Gaspard akabaki amesimama karibu naye.

Saa ilipita kabla mashine haijaanza kunguruma. Kitambaa cha kichwa kilitoka kwanza, kila uzi ukionekana, kisha paji la uso na mikunjo yake. Gaspard aliinama juu ya karatasi, mikono nyuma kama mtu kanisani, akisubiri nyusi zipite na macho ya dada yake yafike.