Mkono wa Orville na Catamount Lililofunikwa

Orville Kaczmarek aliitazama dunia kwa pembeni. Wasiomjua walidhani anawashuku. Ukweli ni kwamba maradhi yalikuwa yamemla katikati ya macho yote mawili, yakamwachia kingo tu, kwa hiyo akitaka kukuona uso alilitazama sikio lako. Daktari alimwambia hata hizo kingo hazitadumu mwaka. Orville akamuuliza kama zitafika Aprili. Daktari akataka kujua Aprili kuna nini.

"Catamount jipya," Orville akamjibu, na akamshangaa mtu aliyesoma kiasi kile asijue.

Catamount ni gari la milango miwili, pua ndefu, na injini kubwa kuliko akili ya mwenye nalo. Kampuni iliacha kulitengeneza, kisha ikatangaza kwamba litarudi na umbo jipya. Ikasema Septemba. Ikaahirisha hadi masika. Ikaahirisha tena, hadi Aprili ya mwaka wa tatu. Macho ya Orville hayakuahirisha kitu.

Sisi wa klabu ya wenye mapenzi na Catamount hukutana kila Jumamosi asubuhi kwenye maegesho ya duka la donati, kando ya barabara ya Woodward. Tunafungua boneti, tunapanga viti vya kukunja, tunabishana. Ni wazee kumi na mmoja na mimi, Nadine, mjane mwenye Catamount la kijani la mwaka sabini na moja, nililoachiwa na marehemu. Walisema wamenikaribisha mimi. Walilikaribisha gari. Sikujali, kiti nilipata, na tangu Orville arudishe leseni ya udereva mimi ndiye niliyekuwa nikimpitia nyumbani kwake.

Orville alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha mabati ya magari kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kupitisha mkono juu ya madigadi ya nyuma ya Catamount, yale mabati yanayofunika magurudumu, moja baada ya jingine, akiwa amevaa glovu nyeupe ya pamba. Pamba huteleza, na kiganja kikiteleza hugundua kibonde ambacho jicho haliwezi kukiona. Glovu moja alistaafu nayo, ikawa inakaa mfuko wa nyuma wa suruali. Alisisitiza kwamba madigadi ya gari langu aliyapitisha yeye. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, wala kukanusha. Na kwake Catamount lilikuwa la kijani tu. Rangi nyingine zote aliziita misiba.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Catamount jipya likaingia pale maegeshoni. Lilikuwa kwenye majaribio, limevishwa plastiki yenye mistari ya kujipindapinda, myeusi na myeupe, toka bampa hadi bampa, makusudi mtu asilijue umbo lake. Akashuka mwanamke wa makamo, kitambulisho cha kampuni shingoni, amefuata kahawa. Lamar Tibbs, dereva mstaafu wa basi na mbishi mkuu wa Orville, aliangusha kikombe chake na hakukitazama.

"Picha hapana, jamani," yule mwanamke akasema. "Mkipiga picha, Jumatatu mimi sina kazi."

"Orville, unaliona?" Lamar akauliza.

"Naona pundamilia mlevi. Wewe unaona nini?"

"Huyo huyo."

"Basi leo tuko sawa." Orville akamgeukia yule mwanamke, yaani akaligeukia sikio lake. "Binti, picha sipigi, jicho lenyewe sina. Sheria zenu zinasemaje kuhusu mkono?"

Mwanamke akafikiri. "Zinakataza picha. Zinakataza kufungua milango. Mkono hakuna aliyewahi kuuliza."

"Nenda zako kanunue kahawa, mama," nikamwambia. "Usichokiona hakikuhusu."

Hakwenda. Alikuwa anaitazama ile glovu, ambayo Orville alishaitoa mfukoni. "Ulikuwa kiwandani, mzee?"

"Madigadi ya nyuma. Miaka thelathini na minne."

"Baba yangu alikuwa wa milango," akasema, akaelekea dukani. Sijapata kuona mtu akienda kununua kahawa taratibu namna ile.

Orville akavaa glovu. Akaanzia mbele.

"Hapa wameweka sponji chini ya plastiki," akasema alipofika mlangoni. "Wanataka lionekane nene. Wezi hawa."

Akaendelea. Kwenye madigadi ya nyuma mkono ukasimama. Ukarudi nyuma, ukapita tena, ukasimama palepale.

"Umepata nini?" Lamar akauliza.

"Nyamaza wewe." Akapitisha mara ya tatu. "Ule mkunjo wa zamani wa bati umerudi. Unaanzia nyuma ya mlango, unapanda, unafia vidole viwili kabla ya taa. Vilevile kama la Nadine."

Nililia, na sikujificha. Lamar, akijifuta macho, alisema ni upepo.

Kingo za macho ya Orville ziliisha Februari. Aprili tulijazana sebuleni kwa Lamar kutazama uzinduzi kwenye televisheni, tukila soseji za mkate zilizofunikwa nyama ya pilipili. Lamar alikuwa amezima sauti kwa sababu mtangazaji alimkera. Orville alikaa kaelekea dirishani, glovu pajani, maana upande wa kukaa haukumhusu tena. Kitambaa kilicholifunika gari kikavutwa.

Lamar akaenda hadi kwenye kioo cha televisheni, akaweka vidole kati ya mkunjo na taa. "Viwili," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeshindwa.

Orville akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa jina lake mwenyewe. Kisha akauliza, "Rangi gani?"

Mkono haukuweza kumwambia hilo. Gari lilikuwa la kijivu, kijivu cha sinki la jikoni.

"Kijani," Lamar akasema.

"Kijani gani?"

"Kijani, bwana! Kile kile."

Watu hawa walikuwa wamebishana majira yote ya baridi kuhusu nati za magurudumu. Nikasubiri mmoja abishe. Kila mzee alikuwa anaitazama sahani yake.

"Nadine?" Orville akaniita. "Wewe hujawahi kunidanganya."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi.

"Kama langu, Orville," nikasema.

Akavua miwani yake isiyokuwa na kazi tena, akaifuta kwa ile glovu, akaivaa. "Nilijua tu," akasema, akaomba soseji nyingine.

Lamar akainuka akaizima televisheni kabisa, asije akaingia mtu akasema kijivu.