Kamba ya Shemeji

Mpaka leo nikisikia watu wazima wanasema "tukae kwanza tuzungumze," damu inanichemka. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni lile jabali lililo juu ya ziwa, upande wa Lundo, na mambo niliyoyaona pale enzi za Mwingereza, nikiwa msichana mkubwa ambaye bado sijaolewa.

Nyuki walijaa kwenye nyufa za jabali hilo, na kaka yangu mkubwa alikuwa akishuka kwa kamba ya magome ya myombo kurina asali. Kwetu mrina asali hashikiwi kamba na mtu yeyote tu. Hushikiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa sababu huyo ndiye asiyetaka dada yake abaki mjane. Akishika mwingine na mrinaji akaanguka, ukoo mzima utasema ameuawa. Hata ndugu wa damu haaminiwi, maana ndugu ndiye mrithi.

Siku hiyo shemeji wa kaka alishika vizuri. Lakini kaka aliteleza, kamba ikamkimbia shemeji mikononi, ikasagwa na ukingo wa jiwe, ikakatika. Kaka akaangukia kwenye kibaraza cha mwamba katikati ya jabali, mahali ambapo huwezi kufika bila kamba. Tulimsikia akiugulia. Aliomba maji. Mkewe akamjibu kutoka juu kwamba maji yanakuja.

Kamba nyingine ilikuwepo. Shemeji hakuweza kushuka, viganja vyake vilikuwa vimechunika ngozi, lakini mtu wa kushuka naye alikuwepo: kijana mmoja mwinda pimbi, aliyezoea majabali yale, alikuja mbio aliposikia mayowe.

"Nifungeni," akasema.

Jumbe wetu akamwuliza, "Nani atakushikia?"

"Yeyote mwenye mikono, mzee."

"Umeoa?"

"Sijaoa."

"Basi huna shemeji."

Wakakaa chini. Naapa, walikaa chini kwenye majani, mmoja akatoa ugoro. Mwingine akasema watu waende Liuli kwa mtumbwi kumwita daktari wa misheni. Akaulizwa daktari naye atashikiwa kamba na nani. Hawakuwa wakitania. Hata baba, aliyekuwa akimsikia mwanawe mwenyewe akiugulia, alitikisa kichwa na kusema mtoto wa watu asije akafia mikononi mwake. Nilimpenda sana baba, lakini saa ile nilitamani kumsukuma.

Nikasimama katikati yao. Msichana hasimami katikati ya wazee, najua.

"Baba, niozesheni kwa kijana huyu sasa hivi. Nikiwa wake, mdogo wangu atakuwa shemeji yake. Atamshikia."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mtu mzima, mpiga makasia, ana mabega kama mlango. Akavua shati palepale.

Wazee wakaanza kunong'onezana. Nikadhani wameelewa. Kumbe walikuwa wanaiwaza ndoa! Mshenga yuko wapi? Mjomba wa kijana ameambiwa? Kanisani watasemaje? Mwinda pimbi, ambaye hatukuwahi kusalimiana hata siku moja, alinitazama kidogo, akawageukia.

"Namtaka," alisema. "Nifungeni kamba."

Baba akasema uchumba atauridhia, lakini pasipo jembe la posa, kama ilivyo desturi yetu, hakuna uchumba. Jembe! Juu ya jabali! Mtu akatumwa kijijini kuazima, na aliporudi alikuwa anatembea taratibu, jembe begani, kama anayetoka kupalilia mihogo. Nilimfuata nikampokonya, nikalitupa miguuni pa baba. Wakaanza kubishana kama jembe la kuazima linafaa. Wakati wanabishana, kaka aliomba maji tena, kwa sauti ndogo, na baada ya hapo hatukumsikia.

Wakalikubali. Ndivyo nilivyopata mume.

Mdogo wangu akazungusha kamba kwenye shina la mti na kuishika. Kijana akashuka, kibuyu cha maji kikining'inia shingoni. Alikaa kule chini kitambo, kisha kamba ikatikiswa, tukavuta. Kwanza alikuja kaka, amefungwa vizuri, kichwa kimelala kifuani. Mkewe alimpangusa vumbi usoni, akaita jina lake, halafu akaanza kulia. Tukaiteremsha kamba tena na kumpandisha mwinda pimbi.

Jumbe alisimama akavua kofia. Akasema tusilaumiane, Mungu alikuwa amekwisha kumchukua tangu mapema, hata tungeharakisha namna gani ingekuwa vilevile. Wazee wakaitikia. Baba naye akaitikia.

Mchumba wangu alikivua kibuyu shingoni, akakigeuza chini juu mbele yao. Halikutoka hata tone.

"Ameyanywa yote, mzee," akasema. "Amekata roho wakati namfunga kamba."